Mabua ya Shamba la Juu

Karatu, 2 Juni 2025

Mpendwa dada yangu Penina,

Tumsifu Yesu Kristo. Habari za huko Malambo? Mnaendeleaje na afya zenu, wewe, watoto, na mumeo mzee Sairowua? Sisi huku tu wazima kwa neema ya Mungu, ila goti langu la kushoto linanisumbua tangu Kwaresima, na nyumba imekuwa kubwa mno tangu marehemu mume wangu Herbert atutoke. Nakuambia ujue tu, silalamiki.

Barua yako nilipewa na Piusi dereva. Unasema ng'ombe wanaanguka kwa njaa, na unaniomba mabua bila mzee kujua, kwa sababu yeye mwenyewe hawezi kuniomba kitu hata angekuwa anakata roho. Nimecheka, halafu nimekasirika. Miaka kumi na minne ng'ombe wenu walilala kwenye shamba langu la juu kila tulipomaliza kuvuna. Boma la miiba tulilihamisha pamoja, siku nne hapa, siku nne pale, mpaka shamba zima likawa limelaliwa. Wewe ulikamua, mimi nikachemsha chai. Mahindi ya mwaka uliofuata yalikuwa ya kijani hadi yanakaribia weusi. Leo mtu huyo huyo hawezi kufungua mdomo?

Basi nakupa wewe. Mwaka huu mvua ilituacha mwanzoni mwa Aprili, mahindi yakasimama kiunoni, hayakubeba. Katikati ya Mei ikanyesha siku mbili, yakachangamka kama mgonjwa anayeitisha uji, nikasema heri niyakate yangali na ukijani kuliko kungoja yawe kuni. Nimeyakata, nimeyaanika, na leo Piusi anakuletea lori zima. Ni ya shamba la juu, lile lile unalolijua. Sitaki malipo. Nataka tu mzee ayaone yakishuka na ajue yametoka kwa nani.

Wape kwanza wenye ndama. Na uniandikie, maana simu anaishika yeye, na mimi siwezi kusalimiana na mtu anayejibu kwa kuguna.

Nijibu mapema.

Dada yako katika Kristo,
Bernadina


Malambo, 6 Juni 2025

Bernadina,

Bwana asifiwe. Salamu ndefu sina leo.

Lori lilifika Jumanne. Ng'ombe walisikia harufu wakalikimbilia kabla hatujafungua kamba. Sairowua alisimama pembeni na fimbo yake, akatazama. Nilifurahi moyoni. Nilisema, leo ameshindwa.

Jumatano asubuhi tukawafungulia rundo la kwanza. Jua halijafika utosini, ng'ombe watatu wakaanza kuyumba kama walevi. Walitweta, midomo wazi, kama waliokimbizwa na simba, na hakuna aliyewakimbiza. Wakaanguka. Mmoja tulimwahi kwa kisu. Bernadina, iliyotoka haikuwa damu kama damu. Ilikuwa na rangi ya kahawa. Wanaume wote walirudi nyuma, na nyama hatukuigusa. Mzee mmoja akasema, "Kimeta nakijua, ndigana naijua. Huu ni mkono wa mtu."

Halafu wakanigeukia. Nani aliyeita mabua haya? Mimi. Nani anayemjua mwenye shamba? Mimi. Nani aliyemficha mumewe? Mimi tena.

Nakuuliza, na wewe ndiye uliyempokea Neema wangu kwa mikono yako, kitandani kwako, siku ile mvua ilipokata barabara. Uliweka nini kwenye shamba hilo? Ulipuliza dawa ya viwavi? Uliweka kitu chochote? Zaidi ya nusu ya mabua bado iko chini ya turubai. Ng'ombe wanayaona, wanalia. Majani hakuna, hata ya kumfuta mtoto pua hakuna. Sairowua anataka kuyatia moto. Nimemwambia angoje jibu lako. Amekubali kungoja, lakini anasaga meno.

Jibu ukweli, na ujibu haraka.

Penina


Karatu, 8 Juni 2025

Penina,

Leo ni Pentekoste. Nimetoka misa ya kwanza, nimepokea Mwili wa Bwana, na Piusi akanikabidhi barua yako pale pale nje ya kanisa. Nimeisoma nimesimama. Watu wamenipita na "heri ya sikukuu, mama", sikuwajibu hata mmoja.

Mkono wa mtu! Mkono upi? Huu wangu? Huu uliomshika Neema akitoka tumboni mwako, ukamfunga kitovu kwa uzi wa kushonea? Huo ndio unatia sumu? Hao wazee waliokunywa chai yangu miaka kumi na minne ndio wanasema hivyo, na wewe unaniandikia, "jibu ukweli", kana kwamba kuna siku niliyokujibu kingine?

Nawapa chakula, mnanirudishia jina la mchawi. Nimelia kwa hasira mbele ya padre, akadhani nimefiwa.

Sikiliza sasa. Dawa ya viwavi sikupuliza, viwavi wenyewe mwaka huu hawakuja. Shamba lile halikuguswa na kitu isipokuwa mvua ya Mungu na jembe langu. Hakuna kitu nilichoweka. Hakuna. Naapa kwa Ekaristi niliyoipokea leo, na mtu wa imani akiapa hivyo inatosha.

Ng'ombe aliyekaa na njaa akishiba ghafla anaweza kufa, kila mfugaji anajua. Au maji yenu yana shida. Au ni ugonjwa mwingine ambao Sairowua hataki kuutaja kwa sababu ni rahisi zaidi kunitaja mimi. Mwambie hivi: akiyachoma mabua yale, amenichoma mimi. Wape ng'ombe. Wape mchana kweupe, mbele ya hao hao wazee, waone kwa macho yao.

Nangoja uniandikie kwamba wamekula na wamelala wakicheua. Usichelewe.

Bernadina


Malambo, 12 Juni 2025

Bernadina,

Niliwapa.

Sairowua alikataa. Nikasimama mbele ya turubai, nikasoma barua yako kwa sauti mbele ya wazee wanne, nikaitia katika Kimaasai neno kwa neno, hata pale ulipoapa. Mzee mmoja akauliza, "Hicho alichokiapia, kwao ni kikubwa?" Nikamwambia hakuna kikubwa kuliko hicho. Wakatazamana. Sairowua akaniambia, "Kama unamwamini, fungua wewe mwenyewe kwa mikono yako. Mimi sigusi."

Nikafungua.

Wamekufa sita wengine. Wa sita ni Naibor, yule mweupe, mjukuu wa yule ndama niliyepewa siku ya kuolewa kwangu. Maziwa yake ndiyo marehemu Herbert aliyokunywa miezi ile hakuna kingine kilichokaa tumboni mwake. Alinifuata mpaka mlangoni. Ulimi wake ulikuwa na rangi ya udongo. Akapiga magoti, akanitazama, mimi nikiwa bado na vipande vya mabua yako kwenye shuka.

Mama mkwe ameninyang'anya kibuyu. Nimekatazwa kugusa maziwa. Wewe umekaa nasi, unajua maana yake. Mwanamke asiyekamua kwenye boma lake ni mgeni aliyechelewa kuondoka. Asubuhi wenzangu wanakwenda kwa ng'ombe, mimi nakaa na kuni. Neema ananiuliza mimi mama yake, "Yeyo, umefanya nini?" Nimjibu nini?

Na kwa kuwa nimeshapoteza, nitasema na lile nililokuwa nimelikalia. Ule mwaka ng'ombe wetu walipoingia kwenye maharage ya shemeji yako Josephati, ulijua kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeacha lango wazi. Ulimwona. Uliniambia mimi jikoni. Lakini pale ofisi ya kijiji, Sairowua alipokutazama useme, ulitazama sakafu. Ndiyo sababu tulihama. Nilikutetea kwa mume wangu, nikasema, mjane anamwogopa shemeji yake, tumwelewe. Nikakutetea tena juzi mbele ya turubai. Sasa nimechoka kukutetea.

Kama hukuweka kitu, basi ni nini kilichoua? Tafuta. Na usiniandikie tena habari za Pentekoste.

Penina


Karatu, 19 Juni 2025

Dada Penina,

Sijui kama niandike "mpendwa", nimeliacha. Naomba uisome barua hii mpaka mwisho hata kama utataka kuichana katikati.

Nilipopata barua yako nilishikwa na hasira ya kutaka karatasi. Nilisema, nitapata karatasi yenye mhuri inayosema mabua yangu ni safi, niwatupie usoni. Nikaenda kwa bwana shamba wetu, anaitwa Elisaria, kijana wa Machame, mpole lakini ana ulimi. Nikamwambia, "Nataka unipimie mabua uandike ni mazima. Watu wananiita mchawi."

Akasema, "Mama, uchawi sina kipimo chake. Mabua ninacho."

Akaja shambani. Akakata mabua machache yaliyobaki yamesimama, akayapasua kwa kisu kwa urefu, akayapanga juu ya gunia, akatoa kichupa cha dawa ya kupimia akadondosha matone. Kwenye ncha ya juu hakuna kilichobadilika. Katikati pakawa bluu ya mbali. Chini, karibu na mizizi, pakawa bluu kama wino wa peni iliyopasukia mfukoni. Hapo akaacha utani.

"Mama, uliweka yurea?"

Nikainama kuokota kipande cha bua.

"Mifuko mingapi?"

"Minne."

"Kwa ekari ngapi?"

"Moja na nusu."

Akapiga mluzi. "Mama yangu, ulikuwa unapanda mahindi au ulikuwa unazika mbolea?"

Umeona, Penina. Umeshaona. Lakini ngoja nikueleze kwanza alivyonieleza, maana wazee watakuuliza, na safari hii nataka uwe na jibu la kweli mkononi.

Anasema hewa hii tunayovuta, sehemu yake kubwa inaitwa naitrojeni. Imejaa kila mahali, ya bure, na hakuna kilicho hai kinachoweza kujenga mwili bila hiyo, si jani, si nyama, si maziwa. Ila mmea hauwezi kuinyaka hewani hivi hivi. Kuna wadudu wadogo udongoni, hawaonekani kwa macho, ndio wanaoitengeneza iliwe. Mavi na mikojo ya ng'ombe wenu, wadudu hao walikuwa wanayavunja kidogo kidogo, mahindi yanapata, ng'ombe wanakula mabua, wanarudisha tena. Ilizunguka hivyo miaka kumi na minne na hakuna aliyekufa. Yurea ni naitrojeni hiyo hiyo, ila inamwagwa yote kwa mkupuo. Mahindi yanaifyonza ingali mbichi. Kuipika iwe mwili wa mmea kunataka jua na maji. Mvua ilipokatika Aprili, jiko lilizimika, chakula kikabaki kibichi ndani ya bua, kimejaa chini. Kisha ile mvua ya siku mbili ya Mei. Mimi nilidhani mahindi yanafufuka, kumbe yalikuwa yanafyonza mengine zaidi. Nami nikayakata siku ya tatu. Siku ile mbaya kuliko zote, anasema.

Nikamwuliza, "Si niliyaanika juani wiki nzima?" Akasema kuanika kunatoa maji tu, hiyo haitoki.

Ikiingia tumboni mwa ng'ombe, na hasa mwenye njaa anayekula kwa pupa, inageuzwa kitu kinachokwenda kwenye damu na kuifunga isibebe pumzi. Ng'ombe anavuta hewa, hewa inaingia, damu haiipokei. Ndiyo rangi ile ya kahawa. Naibor alikosa pumzi amesimama kwenye upepo wa Malambo. Sijalala vizuri tangu nisikie hilo.

Halafu akanipeleka mpakani kwa jirani, akang'oa shina la ngwara, ndugu wa maharage, akanionyesha mizizi. Ina vinundu kama punje za ulezi. Akapasua kimoja kwa ukucha, ndani ni chekundu kama nyama. Anasema humo wanakaa wadudu wanaoikamata naitrojeni ya hewani na kuilisha ngwara, na shina likiozea shambani mahindi yanapata bure. Nilimkasirikia. Nikamwambia, "Na miaka yote hii ulikuwa wapi usituambie?" Sisi tunang'oa ngwara na maharage na mizizi yake, tunabeba kila kitu mpaka uani, tunapura, mizizi tunachoma. Mungu ameweka mbolea chini, sisi tunaivuta juu na kuitia kiberiti, kisha tunakwenda dukani. Na dukani waliniambia, mama acha hayo mangwara, panda mahindi matupu, mwaga yurea, ukiona bado manjano ongeza. Nikaongeza. Hakuna aliyeniambia mvua ikikatika mabua yasiliwe. Nimewakasirikia wa dukani, nimemkasirikia Elisaria, nimekasirika hata kwenye rozari.

Lakini yote hayo si kitu. Sasa naandika neno lenyewe.

Siku mliyohama, Sairowua alisimama njiani akaniambia, "Tutaona shamba lako litakula nini." Hukuwepo, ulikuwa mbele na punda. Mwaka ule ule mahindi yalitoka manjano. Mwaka uliofuata yakatoka manjano na mafupi. Kila nikipita pale nasikia sauti yake. Nikanunua yurea. Nilikuwa naimwaga alfajiri, kabla majirani hawajatoka, kwa aibu, kama mtu anayeiba kwenye shamba lake mwenyewe. Na ulipoandika, "uliweka kitu chochote?", jibu nilikuwa nalo. Kwamba ni sumu sikujua, hilo Mungu ni shahidi wangu. Lakini nilijua ni kitu, na wewe uliuliza kitu. Nikaandika hakuna. Niliona heri niape kwa Ekaristi kuliko Sairowua ajue kwamba bila ng'ombe wake shamba langu limekufa.

Watatu wa kwanza niliwaua kwa kutojua. Sita wa pili niliwaua kwa kiburi. Nimekwenda kuungama. Padre amenipa kitubio, nimekifanya, na bado.

Kuhusu lango la Josephati, ni kweli. Nilitazama sakafu.

Mabua yaliyobaki msiwape, hata kidogo, hata wakilia. Elisaria anasema yangeweza kuchanganywa kiasi kidogo sana na majani mengi, lakini ninyi majani hamna, basi msijaribu. Msiyachome pia. Yatawanyeni kwenye boma la zamani lisilo na mifugo, yaoze, yarudi udongoni.

Na barua hii isome kwa sauti mbele ya wale wale wazee wanne. Itie katika Kimaasai neno kwa neno, na pale nilipokiri usipunguze. Kisha wakurudishie kibuyu chako.

Nijibu, dada. Hata kwa matusi.

Bernadina


Malambo, 24 Juni 2025

Bernadina,

Nimeisoma. Sikupunguza.

Nilidhani Sairowua atacheka. Hakucheka, na mimi ningependa angecheka. Nilipomaliza akasema, "Kumbe tuliondoka njaa ikalishika shamba lake, na shamba likala ng'ombe wetu." Akachukua fimbo akaenda kuchunga. Mpaka leo hajataja jina lako, wala kwa ubaya.

Mzee aliyesema mkono wa mtu akasema, "Si nilisema?" Nikamjibu, "Mkono wa mtu, ndiyo, lakini uchawi hapana." Akasema, "Kuna tofauti kwa ng'ombe?"

Kibuyu sijarudishiwa. Mama mkwe amesema, "Alidanganywa, sawa. Lakini aliyefungua turubai ni yeye." Na ana haki. Mimi ndiye niliyefungua.

Neno moja, Bernadina. Yurea. Herufi tano. Ungeliandika siku ile, hata kwa kunitukana, hata ukaongeza, "na mwambie mumeo afurahi," Naibor angekuwa anacheua hapa nje. Ulinipa karatasi mbili za hasira na kiapo, ukaninyima neno moja. Unasema uliona aibu kwa Sairowua. Aibu yako imekula ng'ombe sita, na mimi ndiye ninayenuka harufu yao.

Usinitumie unga. Usinitumie shuka. Piusi alitaja kwamba unataka kuniletea mtamba wako. Usithubutu kumleta, sitampokea.

Na umetueleza sisi, kwa karatasi, mbali huku. Hapo kwenu umemweleza nani? Watu wa Piyaya, jirani zetu, walikuja kwetu jana, wanasema madalali wa Karatu wamewapigia simu, kuna mabua mengi, ya kijani, ya mahindi yaliyokosa mvua, wanaletewa mpaka bomani. Wananiuliza mimi kama ni mazuri, kwa sababu nilikaa huko. Nimewaambia wangoje, lakini njaa haingoji. Majirani zako nao hawakumwaga yurea? Au wao pia wanamwaga alfajiri?

Jibu hilo. Mengine sitaki kuyasoma.

Penina


Karatu, 27 Juni 2025

Penina,

Sina salamu, nina haraka.

Wanamwaga. Wote. Nilifikiri ni aibu yangu peke yangu, kumbe kijiji kizima kilikuwa kinaamka alfajiri. Nimejua juzi, jioni ile niliyopata barua yako, kwenye sala ya jumuiya kwa Brigita. Nilisimama baada ya masomo nikasema yote, mifuko, kiapo, ng'ombe tisa. Nikauliza, nani mwingine ameweka yurea na anauza mabua? Hyasinta wa jumuiya yetu akaanza kulia. Kisha wengine wakaanza kunifokea.

"Mabua ndiyo mavuno pekee tuliyonayo mwaka huu! Unataka tule nini?"

"Ng'ombe wa Malambo ndio waliokutuma?"

Josephati alikuwepo. Akasema kwa sauti watu wote wasikie, "Shemeji amemaliza kuua, sasa amekuwa bibi afya wa ng'ombe." Wakacheka. Nami nikamwambia, tena mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, "Cheka, lakini na lango la maharage uliliacha wazi wewe, nilikuona, nilipaswa kusema siku ile." Akanyanyuka kama anataka kunipiga, Brigita akamzuia. Tangu siku hiyo hakuna anayeniitikia njiani. Nilikwenda na Elisaria na kichupa chake kwenye mashamba sita. Matano ni bluu. Wenye lile la sita walitufukuza kwa jembe.

Jana yalipakiwa malori matatu pale barabarani. Nilikaa chini mbele ya gurudumu la lori la kwanza, na goti langu hili, nikatoa rozari. Dereva akapiga honi mpaka akachoka. Elisaria akampimia mabua yake mbele ya watu, akaona rangi kwa macho yake, akayashusha. Dereva wa la pili naye akashusha, akinitukana matusi ambayo sikuyajua. La tatu lilizunguka kwa njia ya nyuma likajificha. Ni Fuso la bluu, turubai la kijani, dereva simjui, si Piusi. Mabua ni ya Josephati. Yurea aliyomwaga ni zaidi ya yangu, na alikata baada ya mvua ile ile. Limeondoka leo saa tatu asubuhi kwenda Piyaya.

Nimempigia Sairowua mara nne. Akisikia sauti yangu anakata.

Kwa hiyo barua hii inaletwa na Isaya wa pikipiki, anapita njia fupi, huenda akalitangulia lori au akafika nalo. Ukimaliza kusoma mstari huu tuma mtu Piyaya. Kama halijashushwa, lisishushwe. Kama limeshushwa, waketi juu ya mabua yale wenyewe kuliko kuwapa ng'ombe. Kama kuna waliokwisha kula, Elisaria anasema wasikimbizwe, wasipelekwe mbali kunywa, wakae kimya kivulini, na daktari wa mifugo aitwe hapo hapo, ipo sindano yake. Waambie ni Bernadina wa Karatu amesema, yule yule aliyeua ng'ombe wenu. Hilo litawafanya waamini upesi.

Usingoje mpaka unisamehe ndipo uende. Habari yako na yangu iache, mtamba sileti, sikuombi kitu.

Nijibu hili moja tu: lori limezuiwa au halikuzuiwa? Nimemwambia Isaya asiondoke hapo bila karatasi yako. Nijibu upesi.

Bernadina